Picha za Kichwa cha Namayani Nilizozibandika Mkia

Hebu niambie wewe unayejiita fundi: ukiletewa faili haina mkia, jina lake ni namba tupu, ukiibonyeza kompyuta inakuuliza "nifungue na nini?", unaijibu nini? Usicheke, jibu. Unaona? Unakuna kichwa. Najua utakachofanya, maana nimewaona wengi. Utaibandika mkia wa kwanza unaokujia kichwani. Ikikataa unabandika mwingine. Ikikataa tena unamgeukia mteja, unakaza sura kama daktari, unamwambia, "Pole mama, hii imeshakufa."

Mimi nimeifanya kazi hiyo Ngarenaro, hapa hapa Arusha, mpaka magoti yakasema basi. Sasa nipo Kimandolu na kuku zangu, na vijana wanaotaka kufungua steshenari wanakuja kukaa hapa kwenye ngazi yangu kuniuliza. Nawaambia kaeni, chai ipo, ila mtanisikiliza mpaka mwisho. Na wewe pia.

Unajua niliingiaje kwenye kompyuta? Kwa ufagio. Mwenye duka alikuwa Shafii, baba yake mtu wa Tanga, yeye kazaliwa hapo hapo Ngarenaro. Alikuwa na mashine ya fotokopi, printa mbili ambazo zilikuwa zinagombana, na kompyuta tatu. Mimi nilikuwa nafagia na kuchemsha chai. Shule niliishia darasa la tatu kule kwetu Umeruni, chini ya mlima Meru, maana ndama wa baba walinihitaji kuliko darasa lilivyonihitaji. Herufi nazijua, lakini nasoma moja moja, kidole chini yake, kama mtu anayechambua mchele.

Sasa siku moja Shafii amebanwa na wateja, akaniita. "Mama Eli, njoo ukae hapa. Hii faili iburute, iangushie kwenye hiki kidude, halafu uniambie kimeandika nini."

Kidude chenyewe kilikuwa kiprogramu kidogo tu, dirisha jeusi, maandishi meupe, hakuna picha, hakuna ua. Ukikipa faili usiyoijua, kinaichungulia ndani, kinalinganisha na orodha ndefu ya alama kilizonazo, kinakuletea majibu kwa asilimia: hii inafanana sana na picha, inafanana kidogo na wimbo. Mimi nikakipenda palepale. Ni kama wamama wakienda kuona mtoto aliyezaliwa! Huyu anasema pua ya baba, yule anasema hapana, hayo masikio ni ya shangazi. Hakiangalii jina ulilompa mtoto. Kinaangalia sura.

Na hapo ndipo kuna siri ya kwanza, mjukuu wangu. Ule mkia wa jina, zile herufi tatu nne baada ya nukta, ni nguo tu. Mtu yeyote anaweza kuivua akavalisha nyingine. Faili yenyewe ni ileile. Kuna siku nilichukua faili ya maandishi iliyokataa, nikaibadilisha mkia iwe ya picha, nikashangaa haifunguki. Shafii akacheka mpaka akashika meza. "Mama Eli, umemfunga mbuzi kengele ya ng'ombe, sasa umekaa na ndoo unataka kumkamua?"

Nikamwambia, "Wewe cheka. Chai ya leo haina sukari." Na kweli sikuitia.

Lakini nilijifunza. Baadaye nikawa sihitaji hata kile kidude kwa faili za kawaida. Unaifungua faili kwa nguvu na notipadi, ile programu ya kuandikia maandishi matupu, inakumwagia uchafu skrini nzima: vinyota, maswali, vijidudu. Vijana waliosoma wakiona vile wanafunga haraka. Mimi sikushtuka. Mtu wa darasa la tatu amezoea kutazama maandishi asiyoyaelewa! Nilikuwa naweka kidole pale mwanzo kabisa, nasoma herufi za kwanza tu. Nikiona PDF, najua. Nikiona JFIF karibu na mwanzo, hiyo ni picha ya kamera. ID3 ni wimbo. Nikaandika kwenye ukuta nyuma ya printa kwa kalamu ya risasi, Shafii akapaka rangi juu, nikaandika tena.

Makosa? Niliyafanya, tena mazuri. Kuna wale walioleta faili ya ratiba ya harusi, flashi iliingia virusi, majina yote yakapotea. Nikaangalia mwanzo: PK. Kidude nacho kinasema hii ni furushi lililofungwa, kama gunia limeshonwa. Nikasema kumbe, basi tulifungue gunia! Nikalifungua. Vikatoka vipande vipande, folda ndani ya folda, hakuna hata mstari mmoja wa bwana harusi. Shafii akaja akatazama, akaweka mikono kiunoni. Kumbe hizi nyaraka za kisasa zote zimeshonwa kwenye gunia la namna hiyo, na gunia ndiyo nyaraka yenyewe. Nilikuwa nimemchinja ng'ombe aliyeletwa kupimwa uzito tu. Bahati nilifanya kwenye nakala. Hiyo nayo ishike: usiguse faili ya mtu, gusa nakala yake. Tangu siku hiyo, PK naiheshimu. Nauliza kwanza, "Mama, hii ilikuwa barua au ilikuwa furushi la picha?" Mteja anajua zaidi ya mashine, ila haulizwi.

Na kuna MZ. MZ mwanzoni maana yake hiyo siyo picha wala barua, hiyo ni programu, inaweza kuamka ikatembea. Kijana mmoja alileta "picha za kipaimara", kanadi sana, fungua mama nione. Nikatazama mwanzo, MZ. Nikamwambia, "Baba, hii kipaimara ina miguu." Akabisha. Akaenda duka la jirani wakamfungulia. Jirani alishinda siku tatu anafuta kirusi. Mimi nikatembea mbele ya duka lake na kikombe changu cha chai, polepole, nikamsalimia vizuri kabisa.

Basi nikawa na jina. Watu wanatoka Moshono wananiulizia, "Yuko wapi yule mama wa faili?" Shafii akaninunulia kiti cha magurudumu kama cha meneja. Nikakizungusha mpaka nikapata kizunguzungu. Na sasa nikuambie ukweli: yule mwanamke wa kiti cha magurudumu, anayejua MZ ni ya kuogopwa na JFIF ni ya kupendwa, ndiye aliyekaribia kumharibia mtoto wa watu.

Alikuja mama mmoja, Mwarusha, kutoka upande wa magharibi wa mlima. Mama Namayani. Mtulivu, maneno yake machache, shuka lake limekunjwa vizuri begani. Binti yake Namayani, darasa la sita, alikuwa anaumwa kichwa na kuanguka. Walimpeleka mbali wakampiga zile picha za kichwa za mashine kubwa, wakapewa sidii. Sasa kila daktari kompyuta yake haina tundu la sidii. Akataka nimhamishie kwenye flashi.

Kazi rahisi. Nikafungua sidii. Nikakuta faili nyingi hazina mkia hata moja, majina yake namba tu. Pembeni zimekaa programu kadhaa. Nikazitazama, MZ. Aah! Nikazitupa nje, sitaki miguu kwenye flashi ya mgonjwa. Zile nyingine nikajiambia, si amesema picha? Nikazibandika zote mkia wa picha, moja baada ya nyingine, kwa mkono, nimekaa kwenye kiti changu najisikia bingwa. Sikuifungua hata moja kuhakikisha. Hata moja, mjukuu wangu! Wateja walikuwa wamejaa.

"Tayari," nikamwambia. "Hiyo sidii huna haja nayo tena."

Nilisema mimi, kwa mdomo huu.

Wiki zikapita. Asubuhi moja, saa nne, Mama Namayani kasimama mlangoni. Hakukaa.

"Mama Eli. Zile picha hazifunguki."

"Zimekataa wapi?"

"Hospitali. Yupo daktari wa vichwa amekuja kutoka Dar. Anaandika majina ya watoto atakaowafanyia upasuaji. Leo saa tisa anaondoka na orodha yake. Wameweka flashi, kompyuta ikasema zimeharibika. Wanasema turudi kule tukapige nyingine."

"Na sidii iko wapi?"

Akatazama chini. "Baba Namayani aliifunga kwenye kijiti. Iko shambani, inafukuza ndege kwenye alizeti."

Unajua ile desturi. Sidii isiyo na kazi inafungwa uzi, inameta juani, ndege wanakimbia. Hakufanya kosa lolote yule baba. Mimi ndiye nilisema hawana haja nayo. Walishaiangalia, imekwaruzika yote, kompyuta haiisomi hata kidogo.

Mama Namayani hakunilaumu. Angenitukana ningepata nafuu. Alisema tu, "Mtoto yuko na baba yake pale hospitali kwenye benchi. Nimemwambia nakuja kwako."

Shafii siku hiyo yuko Moshi. Nipo peke yangu. Nikafunga mlango nusu, nikamwambia anayetaka fotokopi aende mbele. Nikatengeneza nakala kwanza. Nikafungua faili moja kwa notipadi, nikaweka kidole changu pale mwanzo.

Hakuna kitu. Peupe. Mwanzo mzima umejaa nafasi tupu. Nikafungua ya pili, peupe. Ya tatu, peupe. Jasho likanitoka, jamani, na Arusha ilikuwa na ule ubaridi wa Julai. Nikasema kweli zimekufa, nimeziua mimi.

Nikakumbuka kidude. Nikaiburuta faili, nikaiangusha. Dirisha jeusi likawaza, likaandika: haijulikani.

Nikampigia simu mjukuu wangu Upendo, mtoto wa Eli, yuko chuo anasomea kompyuta. Akapokea kwa kunong'ona, yupo darasani.

"Bibi, shikamoo, nitakupigia."

"Marahaba, usikate! Nimeua picha za mtoto wa watu."

Nikasikia kiti kinavutwa, mlango unafungwa. "Haya nipo nje. Umezifanyaje?"

Nikamweleza yote, na mkia nilioubandika, na zile MZ nilizotupa. Sikuficha. Ukificha kosa kwa anayekusaidia unamfunga macho.

"Kidude kinasemaje, Bibi?"

"Kinasema haijulikani."

"Haijulikani, au imeharibika?"

"Haijulikani."

"Basi kidude ndicho hakijui. Orodha yake ya alama mliipakua lini?"

Ile orodha ilikuja na ile kompyuta. Hatujawahi kuibadilisha! Dunia inazaa faili mpya kila siku, sisi tunazitambua kwa orodha ya wazee waliokufa.

"Nenda kaipakue mpya, nakutumia anuani yake. Ni bure."

Bando langu likakata katikati, ndiyo kawaida yake. Nikatoka mbio kwa fundi viatu wa mlango wa pili. "Niwashie hotspoti!" Akasema, "Mama Eli, asubuhi hii unataka kuangalia muziki?" Nikamwambia nitampiga na kiatu chake mwenyewe. Akawasha.

Orodha ikashuka. Nikaiweka mahali pa ile ya zamani. Nikaiburuta faili ya Namayani, nikaiangusha, nikafumba macho. Nakuambia nilifumba. Mama Namayani ndiye aliyenigusa bega. "Imeandika."

Imeandika mstari mmoja tu, asilimia mia. Nikausoma herufi moja moja kwenye simu, Upendo akapiga kelele huko chuoni: "Bibi! Hizo ni picha za hospitali! Zina aina yake zenyewe! Rudi kwenye notipadi, pita ile sehemu tupu, endelea kusoma, utaona herufi nne."

Nikarudi. Nikapitisha kidole kwenye ule weupe, nikaenda, nikaenda, na hapo ulipoishia zimekaa kimya, zinanisubiri: D, I, C, M.

Kumbe hizi zinaachwa nafasi tupu mwanzoni kwa makusudi, na alama yao inakaa baada ya ile nafasi. Mimi miaka yote nimesoma herufi za kwanza nikajiona nimemaliza dunia. Hizi hazikuwa na herufi za kwanza! Na zile programu za MZ nilizozitupa ndizo zilikuwa za kuzifungulia. Nimemfukuza mwenye ufunguo nikadhani mwizi.

Nilipiga kigelegele, mjukuu wangu. Humo humo dukani. Fundi viatu akaja na nyundo akidhani nimevamiwa.

Upendo akanitajia amri ya mstari mmoja ya kuivua ile mikia yote kwa pamoja. Nikaiandika kwa kidole kimoja, nikamsomea kila nukta kabla ya kubonyeza. Mikia ikadondoka yote mara moja. Akanielekeza programu ya bure ya kuzifungulia. Nikaishusha, nikabonyeza ya kwanza.

Likatokea duara la kijivu kwenye weusi. Kichwa. Ukizungusha kigurudumu cha mausi unashuka ndani yake, safu kwa safu, kama unakata kabichi. Pembeni juu imeandikwa jina.

Mama Namayani akasogea, akaweka kidole kwenye kioo. "Hapo wameandika nini?"

"Wameandika Namayani."

Ndipo akakaa. Mara ya kwanza tangu aingie.

Nikaweka kila kitu kwenye flashi, na ile programu ya kufungulia nikaiweka pia, nikafunga duka kwa kufuli. Tukapanda bodaboda mishikaki, yeye katikati, mimi nyuma nimeshika flashi ndani ya ngumi. Saa saba na nusu tupo hospitali. Namayani yupo kwenye benchi, kalalia paja la baba yake.

Nesi wa mlangoni akatuona. "Mama, si tumeshaongea? Picha zimeharibika."

"Hazijaharibika, mwanangu," nikamwambia. "Zilivalishwa nguo isiyo yao. Na aliyezivalisha ni mimi hapa. Mpe daktari hii flashi, akishindwa kuifungua nitaondoka mwenyewe na sitarudi."

Akanitazama, kanga yangu, kandambili zangu. Akaichukua.

Tulikaa pale, sijui dakika ngapi. Mlango ukafunguliwa, akatoka daktari mwenyewe, mwanamume mrefu, miwani kwenye paji la uso.

"Shikamoo mama. Fundi aliyezirudisha picha hizi yuko wapi?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

Akageuka kumtazama nesi, akanirudia. "Ulijuaje ni za aina gani?"

"Nilipita mahali patupu, nikakuta DICM."

Alicheka, akashusha miwani machoni. Halafu akamgeukia Mama Namayani, kicheko kikaisha, akachuchumaa mpaka wakalingana na mtoto. Akasema ameona panapomsumbua, na panafikika. Akarudi ndani na mlango akauacha wazi, nikamwona kwa macho yangu akivuta ile karatasi yake. Ilikuwa imejaa. Akaandika chini kabisa, kwenye ukingo, jina la Namayani.

Alipasuliwa. Akapona! Leo ni msichana wa sekondari, ana mbio kama swala, na kovu lake kalifunika kwa nywele. Akipita hapa Kimandolu anaanza kupiga kelele tangu njia panda, "Shikamoo Bibi DICM!" Kuku wote wanakimbia. Baba yake kila wanapovuna ananiletea alizeti. Mimi nacheka peke yangu hapa, nasema tazama, mwanamke wa ufagio.

Shafii aliporudi kutoka Moshi nilimweleza lile kosa kabla sijamweleza ushindi. Hakunifokea. Aliandika kwenye kalenda, tarehe moja ya kila mwezi: orodha mpya. Na mimi nikaweka sheria yangu: hakuna flashi inayotoka dukani bila kufungua faili zake mbele ya mteja, hata foleni ifike barabarani. Wateja walinung'unika. Wanung'unike.

Mwaka huu Upendo anamaliza chuo. Kazi yake ya mwisho ameamua kutengeneza kidude chake mwenyewe cha kutambua faili, kiongee Kiswahili, kwa ajili ya steshenari za huku kwetu. Jumapili iliyopita alikuja na kompyuta yake, akaiweka mezani hapo kati ya vikombe. Kinatambua barua, kinatambua nyimbo, za hospitali ndiyo kabisa. Nikamjaribishia na faili zangu mbaya mbaya, kinazitaja moja moja, mimi napiga makofi. Halafu nikampa moja ambayo hata mimi siijui. Kikakwama. Kikaandika kwa rangi nyekundu: "Faili imeharibika."

Nikaweka kikombe chini. "Upendo. Umemwuliza nani kama imeharibika?"

Nikamwambia, mama wa mtu atakuwa amesimama mbele ya hilo neno jekundu, na atalikubali, na atarudi nyumbani na mtoto wake.

Akavuta kompyuta, akaandika, akafuta, akaandika tena, akanigeuzia kioo. Nikaweka kidole, nikasoma herufi moja moja, yeye akanisubiri bila kunisaidia, na nilipomaliza akanishika mkono.

"Naahidi, Bibi. Nitakachotengeneza, popote kitakapokwenda, kikishindwa kitasema hivyo hivyo ulivyosoma: 'Mimi ndiye sijaijua. Usiitupe.'"